Ngezi yastahili mgeni wa kulala

Popo wa Pemba hutoka jua likishakuchwa. Mchana kutwa hujining'iniza kichwa chini kwenye miti mirefu, mbawa amejizungushia mwilini, na mgeni anayeingia Msitu wa Ngezi saa nne asubuhi na kutoka saa sita, akijaaliwa, huona mafungu ya rangi ya kutu matawini, akapiga picha na kurudi garini. Kwa kweli bado hajamwona. Popo huyu, ambaye duniani kote anapatikana Pemba tu, huanza shughuli zake magharibi. Mmoja hujinyoosha, wa pili humjibu kwa makelele, wa tatu hujikwangua kutoka tawi moja hadi jingine, kisha kundi zima huachia miti na kujitupa hewani. Aliyekomaa, ukimpima kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, hufika kama mita moja na nusu. Hapigi mbawa kwa papara kama vipopo vya darini. Huruka taratibu, na ukiwa umenyamaza unausikia upepo wa mbawa zake ukipita juu ya kichwa chako.

Bundi naye ni vivyo hivyo. Pemba ina bundi wake mdogo asiyeishi kisiwa kingine chochote. R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni hapa Zanzibar aliyewapenda ndege, ndiye aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1937. Mchana hulala kwenye majani mazito. Usiku hutoa sauti moja fupi, akanyamaza, akairudia, na mwenzake akamjibu kutoka mti wa mbali. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba njiani, kwa hiyo tulimfukuza kwa mawe badala ya kumtazama. Anaishi hata kwenye mashamba yetu ya mikarafuu, lakini ni Wapemba wachache wanaomjua kwa sura.

Nimeanza na viumbe hawa wawili kwa sababu wao ndio hoja yangu. Tuna msitu ambao uhai wake wa thamani kuliko wote ni wa usiku, na sote, wenyeji na wageni, tunautembelea mchana. Ngezi inahitaji banda la wapitaji: mahali pa kulala pa bei ya mtu wa kawaida, pa mtu aliyefika kwa miguu, akaweka mzigo wake, akala, akasikiliza msitu, akaamka alfajiri kuendelea na njia.

Msomaji wa bara ataniuliza safari gani ya miguu hiyo, Pemba ambako hakuna hata mlima mmoja. Ni kweli, mlima hatuna. Tuna vilima visivyohesabika na mabonde katikati yake, na yeyote aliyewahi kwenda Chake hadi Wete kwa njia ya zamani anajua barabara ile inavyopinda kufuata migongo ya vilima, mikarafuu juu, mpunga chini. Njia ninayoisemea mimi iko kaskazini zaidi, inaanzia Konde na kumalizikia Ras Kigomasha, ncha ya kisiwa, kwenye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mtu asiye na haraka ni mwendo wa siku nzima, na njiani kuna mashamba, msitu na pwani mbili.

Ukitoka Konde unapita kwanza kwenye mihogo, migomba na mikarafuu, watoto wanakuamkia, na akina mama waliojitwika kuni wanakupita kwa mwendo usiouweza. Halafu mashamba yanakatika ghafla. Mbele yako unasimama ukuta wa miti. Hapo ndipo kituo cha Ngezi kilipo: unajiandikisha, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Usimkatae mwongozaji kwa kujiona mwenyeji. Wale vijana na wazee wanajua mti kwa gome lake na ndege kwa mlio wake, na mengi waliyo nayo hujayasoma popote.

Ndani ya msitu hewa hubadilika mara moja. Udongo wa upande huu ni mzito na wenye rutuba, maji yanatuama, na mvule na misufi mwitu imepanda juu kiasi cha kulazimika kuinua shingo. Chini yake kuna mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao asili yake ni Pemba, na ambao jamaa zake wa karibu wako Madagascar na Comoro, si Tanga wala Pangani. Jambo hili linashangaza mpaka ukumbuke bahari iliyo kati yetu na bara. Unguja iliunganika na bara zama za barafu bahari iliposhuka, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kisiwa chetu kimekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi kuliko binadamu walivyokuwepo. Ndiyo maana hatuna simba wala chui, tuna popo wetu, bundi wetu, ninga wetu wa kijani na chozi wetu. Kwa mtembeaji maana yake ni kwamba anaweza kupita msitu huu usiku bila kuhofia mnyama wa kumla.

Ukimwomba mwongozaji akupeleke upande wa mchanga, msitu hukutana nawe kwa sura nyingine kabisa. Miti hufupika. Udongo mweusi huisha, unakanyaga mchanga mweupe uliooshwa na mvua ukabaki hauna chakula, na juu yake umeota mti mdogo wenye vijani vyembamba mfano wa sindano, uliobanana, wa kijani kilichofifia. Ni wa jamii ya erika. Wanasayansi waliupa jina la Mafia, kwa kuwa nako huko unaota. Kwa miaka mingi nimeupita nikiuhesabu kuwa kichaka tu.

Nilikuja kuujua nikiwa mbali na nyumbani, juu ya Kilimanjaro.

Njia ya Marangu ndiyo pekee mlimani pale ambayo mpandaji halali hemani, kwani kuna mabanda ya mbao. Siku ya kwanza unapanda ndani ya msitu wa mvua hadi Mandara, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili, muda mfupi baada ya Mandara, msitu unakwisha na unatokea mgongoni mwa mlima, uwanda wa mteremko usio na kivuli, vijito vikikatiza njia, Mawenzi imechongoka mbele yako na Kibo ikijitokeza polepole na theluji yake. Ni kama kilomita 11 hadi Horombo, na sehemu kubwa unatembea katikati ya erika. Mingine ni mirefu kuliko mtu, imening'iniza ndevu za ukungu, na mingine imefika magotini. Niliinama, nikashika tawi, nikaona vile vijani vya sindano vya Ngezi. Mti ambao bara unapenda baridi na upepo wa milimani, kwetu una ndugu yake anayeishi mchangani, hatua chache kutoka kwenye mikoko. Sababu iko udongoni: erika huvumilia ardhi maskini ambayo miti mingine huikimbia, na mchanga wa Ngezi ni ardhi ya aina hiyo. Mpagazi aliyenikuta nimechuchumaa alidhani naumwa kichwa kwa ajili ya urefu wa mlima, akaniasa nitembee pole pole.

Horombo iko kama mita 3,700. Niliyoyaona pale jioni ile ndiyo yaliyonipa wazo la makala haya, wala hayana uhusiano na kilele. Mabanda ni ya mbao, paa limeshuka hadi karibu na ardhi pande zote mbili, ndani kuna vitanda vya juu na chini vya watu wachache, godoro jembamba, taa ya umeme wa jua. Hakuna anasa hata moja. Lakini Horombo inalaza wanaopanda na wanaoshuka kwa pamoja. Meza moja ina mtu ambaye kesho anaelekea Kibo akiwa na hofu yake, na mwenzake aliyetoka kileleni asubuhi ile, midomo imepasuka kwa baridi, anamweleza avae nini na anywe maji kiasi gani. Wapagazi waliobeba mizigo ya kilo 20 wako jikoni wanasonga ugali. Nje, mawingu yamelala chini yenu, na yakipasuka zinaonekana taa za Moshi. Watu wasiojuana wanalala chumba kimoja, na asubuhi wanaulizana hali.

Mabanda yale yana historia yake. Wajerumani walipoitawala nchi walijenga vibanda kwenye njia hiyo, cha chini wakakiita Bismarck na cha juu Peters, kwa jina la Carl Peters, yule aliyeitwa mkono wa damu kwa ukatili wake. Leo majina yaliyoko ni ya Mandara na Horombo, watawala wa Wachaga, na ni haki yao. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 1889 hapakuwa na banda lolote, na simulizi za Marangu zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Wenzetu wa Uswisi walikuwa wameshaanza mapema. Chama chao cha wapanda milima kiliundwa mwaka 1863, na mwaka huohuo kikajenga banda la kwanza, la mawe, dogo sana. Sasa kina mabanda zaidi ya 150, na mwanafunzi wa kawaida anaweza kutembea banda hadi banda akilipia kitanda na sahani ya supu. Utamaduni wa kutembea uliota palipokuwa na pa kulala.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu na ya milimani. Siafiki. Mpemba amejua banda la wapitaji tangu zamani, ila amelijenga kwa ajili ya kazi. Wavuvi wetu hupiga dago. Wanatoka Kojani au Micheweni, wanafika kisiwani au pwani ya mbali, wanasimamisha vibanda vya makuti, wanapanga nani anachota maji, nani anapika, nani analinda vyombo, na wanaishi hapo wiki kadhaa mpaka bamvua lipite au samaki wahame. Misali imelaza wavuvi wa dago kwa vizazi. Msimu wa karafuu nao, wachumaji wanaotoka mbali na mashamba huhamia mabandani mpaka mavuno yaishe. Hatuhitaji mtaalamu wa ng'ambo kutufundisha kulala vizuri kumi ndani ya banda moja la makuti.

Tunachokikosa ni kuamini kwamba mtu anaweza kulala msituni kwa ajili ya msitu wenyewe. Mgeni wa Ngezi leo hulala Konde, Wete au kwenye hoteli za pwani ya Kigomasha, nyingine za bei ambayo mwalimu wa skuli hawezi kuilipa kwa mshahara wa mwezi. Ziara za usiku zinawezekana kwa mpango na waongozaji, lakini asiye na gari atarudije Wete saa tatu za usiku? Kwa hiyo usiku wa Ngezi umekuwa wa watalii wenye usafiri. Mwanafunzi wa Micheweni, aliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo, anamsoma popo wa Pemba kwenye karatasi ya mtihani.

Na popo huyo ana kisa ambacho kila mtoto wa Pemba anastahili kukijua kwa kukiona. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha. Aliwindwa kwa ajili ya nyama, na miti yake ilikatwa. Katikati ya miaka ya 1990 kazi ya kumwokoa ilianza, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International, na vijiji vikaunda klabu za kulinda makundi yaliyoko kwao. Kidike, kando ya njia ya Chake na Wete, wanakijiji waliamua kwamba popo hai analeta kipato kuliko aliye chunguni, wakafungua eneo lao kwa wageni. Idadi ikapanda hadi zaidi ya 20,000. Watu waliofanya kazi hiyo walikuwa wakulima na wavuvi, si wenye shahada. Popo nao wanalipa: wanakula tunda la mvule na matunda mengine ya msituni, na mbegu wanazidondosha mbali, hivyo msitu unapandwa upya kila usiku bila gharama.

Msitu wenyewe ni masalia. Kabla ya mikarafuu, sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa miti ya aina hii. Sayyid Said na waliomfuata walieneza karafuu, kimbunga cha 1872 kikaivunja mikarafuu ya Unguja na Pemba ikashika usukani wa zao hilo, na miti ya asili ikaanguka kilima baada ya kilima. Zamani za ukoloni Ngezi nayo ilikatwa mbao. Katika miaka ya 1950 ikatengwa kuwa hifadhi. Mbali na Ngezi, ya asili tuliyobakiwa nayo ni vipande kama Ras Kiuyu na Msitu Mkuu. Sipendi tuulinde kwa kuufungia. Watu hulinda wanachokijua, na kukijua kunataka muda mrefu kuliko saa mbili za asubuhi.

Hofu ziko, na ya kwanza ni moto. Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka Kilimanjaro, ukaanzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, na taarifa za awali za hifadhi zilisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Ile erika niliyoishika mkononi ndiyo iliyoshika moto kwa siku nyingi, kwa sababu inawaka hata ikiwa mbichi. Kwa hiyo banda la Ngezi lisiwe ndani ya msitu, na hasa lisiwe karibu na upande wa mchanga. Likae pembeni, jirani na kituo, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa. Kupika kuwe kwa gesi, jiko moja, mahali pamoja. Kuni zisiguswe. Choo kijengwe kabla ya banda, tena cha wanawake mbali na cha wanaume, maana mzazi wa Pemba hatamruhusu binti yake kulala mahali pasipo na stara, na hatakosea.

Hofu ya pili ni heshima ya mahali. Ngezi ina mizimu, sehemu ambazo wenyeji wamezifagia na kuziombea tangu zamani. Anayeamini na asiyeamini wote wanapaswa kuzipita kwa adabu, na mwongozaji wa kijijini ndiye anayejua wapi pa kupaza sauti na wapi pa kunyamaza. Hii ni sababu nyingine ya banda kuendeshwa na watu wa Makangale na shehia za jirani, mapato yabaki kwao kwa makubaliano yaliyoandikwa na kusomwa hadharani. Mradi unaosimamiwa kutoka Mjini Unguja utakufa fedha za mwanzo zikiisha. Tumeona mingi.

Asubuhi ya pili ya safari ndiyo malipo ya aliyelala. Unaondoka baada ya sala ya alfajiri, barabara ya mchanga bado ina baridi, na kima punju, ambao asili yao ni Unguja na waliletwa Ngezi miaka ya 1970, wanaanza kurukaruka juu. Msitu unakuachia Makangale. Kulia kwako iko Vumawimbi, pwani ndefu ya mchanga mweupe inayotazama bahari kuu, ambako mara nyingi utawakuta wavuvi na madau yao tu. Kushoto iko Verani, bahari yake tulivu. Rasi inakwenda ikijifinya katikati ya pwani hizo mbili mpaka unazisikia zote, na mwishoni umesimama mnara. Mwenye kuruhusiwa kupanda ngazi zake huona msitu aliotoka, mweusi upande wa kusini, na maji ya mkondo yakibadilika kutoka kijani hadi buluu nzito pale kina kinapoanguka.

Gharama ya hili ni ndogo kwa vipimo vyovyote vya miradi ya utalii: chumba kimoja kirefu, vitanda vya mbao vya juu na chini, vyandarua, tangi la maji ya mvua, sola na vyoo. Bei iwe mbili, ya mgeni na ya mwenyeji, na wanafunzi walale bure siku za katikati ya wiki. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia ni kavu na msimu wa skuli unaruhusu. Idara ya Misitu ina ardhi na waongozaji tayari, na Kamisheni ya Utalii imekuwa ikisema kwamba Pemba isitegemee fukwe peke yake. Wakae meza moja na masheha wa Makangale na Konde kabla ya masika ijayo. Na walimu wa skuli za Wete na Micheweni wasingoje waitwe: waandike barua sasa, waombe zamu ya kwanza.